Ukurasa wa Tisini na Moja

Kabati ni la mninga, halina kioo.
Kioo kilivunjwa na mjukuu, nikashukuru:
vitabu vya Tanga vinataka pumzi,
ukivifungia vinaota ndevu za kijani.
Ninavyo thelathini na saba. Riwaya tupu,
zote toleo la kwanza, zote zina saini,
na kila saini naijua kama mwendo wa mtu gizani:
huyu anaburura herufi ya mwisho,
yule anaandika kana kwamba anadaiwa.

Watu wa Barabara ya Kumi na Tano husema
karani wa stoo ya reli kastaafu na stoo yake.
Sawa. Nilihesabu mataruma miaka ishirini na minane;
si kosa langu nikipenda sasa
kuhesabu vitu vinavyosomeka.

Hiki hapa. Kishike kwa viganja, si kwa vidole.
"Chokaa Mbichi", cha Hiza Semkiwa. Nakala mia nane tu.
Fungua sura ya nne: Bi Mwanshamu anakufa,
anaoshwa, anazikwa, mvua inalilowesha kaburi.
Sasa nenda ukurasa wa tisini na moja:
Bi Mwanshamu yuyu huyu anakaanga maandazi,
anauliza nani kamaliza iliki.

Mwandishi alipitiwa. Mhariri alisinzia.
Toleo la pili wakasahihisha:
wakamtoa jikoni, wakamweka mpwa wake,
na iliki ikabaki bila wa kuiulizia.
Ndiyo maana toleo la pili silitaki hata bure.

Saini hii sikuifuata mimi.
Siku mwandishi alipokuja maktaba ya mjini
mimi nilikuwa Korogwe na behewa lililoacha njia.
Alikwenda Nasra wangu, na baibui la kuazima,
akapanga foleni nyuma ya wanafunzi wa Usagara.
Mzee akamuuliza, "Niandike kwa nani?"
Naye, badala ya kunyamaza kama nilivyomwagiza
(saini tu, Nasra, saini kavu na tarehe),
akataja jina lake.

Kwa Nasra, aliyecheka ukurasa wa 91.

Kumbe alikisoma palepale kwenye foleni.

Nilinuna siku sita.
Nikamweleza mambo ya soko: jina la mtu hushusha bei,
kitabu chenye jina ni sahani yenye ufa.
Akasema, "Basi kalie sahani nyingine,"
akarudi kuchambua mchele.

Jana alikuja kijana kutoka Dar, viatu vyeupe,
glavu za pamba mfukoni, daktari wa karatasi.
Akanusa, akahesabu kurasa, akapima mgongo.
Alipofika kwenye jina akaguna.
"Angekuwa mtu anayejulikana," akasema, "tungeongea mengine."
Akataja bei. Akaikata nusu. Kisha akaongeza kidogo
kwa ajili ya lile kosa.

Nilimpa chai. Nikamuuzia vingine vitatu,
vya saini kavu na tarehe, wino mweusi usio na neno.
Hata sikuvisindikiza mlangoni.

Usiku nikabadilisha karafuu za kabatini,
nikakiacha kitabu kijifungue pale kinapopenda.
Mgongo wake umechoka mahali hapo hapo.
Pembeni kuna doa la mafuta, dogo, la kidole gumba.
Sisi wakusanyaji huliita dosari,
huliandika kwenye orodha.
Sikuliandika.
Nje mtu alikuwa anafunga duka, mabati yanalia.
Ndani, ukurasa wa tisini na moja, mafuta yamechemka,
na mwanamke tuliyekwisha kumzika
anauliza, bila haraka, nani kamaliza iliki.